Siri Iliyovuka Mto

“Kumbe ni wewe!”

Sauti ilitoka ndani ya bomba la shaba kana kwamba kuna mtu aliyejificha humo tangu asubuhi. Shangazi Sindano alirudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga mtu, akaomba radhi bila kugeuka.

Wewe msomaji ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilichukuliwa na jirani “dakika mbili tu” na mpaka leo hujalitia machoni, sogea nikudokeze upesi, maana huyu mama hana muda.

Shangazi Sindano ni fundi cherehani, umri miaka hamsini na sita, goti la kushoto bovu, mkono wa kulia hauna mfano. Amemlea binti wa marehemu kaka yake tangu akiwa na miaka sita. Binti huyo sasa ni mpima ardhi, kila mtu anamwita Mpima, na Jumamosi anaolewa. Mchumba wake ni Fundi Taa, kijana wa umeme aliyefunga taa zote za maonyesho haya ya ukingo wa mto. Mama wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu ambaye wanafunzi wake walimbandika jina la Mwalimu Kengele, ndiye aliyetoa gauni la lesi aliloolewa nalo mama yake mzazi, Shangazi alipunguze limkae Mpima.

Na Shangazi akaliunguza kwa pasi. Kifuani. Juzi, saa nne asubuhi, chai ikiwa bado mezani.

Hakuwa amemwambia mtu. Jioni ya leo, alipoona kibao kando ya bomba namba saba kimeandikwa NONG’ONA SIRI YAKO, MTO UTAIGEUZA RANGI, moyo ukamshinda. Akainama, akanong’ona: “Gauni la harusi la bibi yake bwana harusi, nimeliunguza mimi.” Taa ndogo zikachomoka moja baada ya nyingine, zikavuka juu ya maji kwa rangi ya samawati hadi ng’ambo. Watu wakasema “aaah!” Shangazi akajiona amepungua kilo tano.

Ndipo bomba likamjibu.

“Usiondoke hapo,” likaongeza sasa. “Nakuja.”

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kutiiwa.

“Shangazi!”

Fundi Taa alikuja mbio, bisibisi mfukoni, koili ya waya begani. “Shangazi yangu, niambie hujaitumia namba saba.”

“Namba saba ipi?”

“Hiyo uliyoikumbatia.”

Shangazi akaliachia bomba kama sufuria ya moto. “Hata! Nilikuwa naangalia tu shaba yake. Shaba nzuri.”

“Afadhali. Mabomba mengine yote yanapeleka rangi peke yake. Hili nilisahau kuondoa spika ya majaribio, linapeleka na maneno mpaka kwa mwenzake kule ng’ambo. Sasa hivi kuna bwana mmoja kamnong’onezea mto mabaya ya bosi wake. Bosi alikuwa ng’ambo.”

“Ikawaje?”

“Wanatafutana.”

“Na kule ng’ambo sasa hivi,” Shangazi aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya vifungo, “karibu na hilo bomba lenzake, yuko nani?”

“Watu wa kwetu. Nimewatafutia benchi zuri palepale wapumzike.” Kijana akatabasamu, akaweka mkanda mwekundu juu ya namba saba, akakimbilia kwingine alikoitwa.

Watu wa kwetu! Shangazi hakusubiri jingine. Sauti ile ya amri ingekuwa ya nani kama si Mwalimu Kengele? Akapandisha pindo la gauni alilovaa, akashika njia.

Sasa, msomaji, kukimbia kwenye maonyesho haya si kazi ndogo. Njia yote ya ukingoni imetandikwa vigae vinavyohisi uzito, na kila mtu anayepita huangaziwa duara la mwanga miguuni pake. Ukitembea, duara linatembea. Ukisimama, linakungoja. Ukikimbia, ni uamuzi wako.

Shangazi alikimbia. Duara likamfuata, la manjano, pana kama sinia la pilau. Akajificha nyuma ya chungu cha maua, chungu kikang’aa. Akainama nyuma ya kibanda cha tikiti, kibanda kikang’aa. Vijana wawili wapenzi walisimama kumpiga picha, na mzee mmoja mwenye fimbo akapiga makofi akidhani mama huyu ni sehemu ya maonyesho.

“Tena! Tena!” akasema mzee.

“Nyamaza, baba,” Shangazi akamsihi, “nimejificha.”

Alipogeuka atokee upande wa pili, akagongana uso kwa uso na Mwalimu Kengele.

Duara lake na duara la Mwalimu yakakutana chini, yakaungana, yakawa duara moja la zambarau. Ndivyo yalivyotengenezwa: watu wakikaribiana, mwanga wao unakuwa mmoja. Shangazi aliutazama ule uzambarau kama mshtakiwa anayetazama pingu.

“Mkwe wangu!” Mwalimu akasema, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe. “Nimekutafuta tangu nusu saa iliyopita. Unacheza mchezo gani na kibanda?”

Shangazi akapepesa macho. “Mwalimu… hukuwa ng’ambo wewe?”

“Ng’ambo nimetoka zamani. Nimemwacha Mama peke yake kwenye benchi, kapendezwa na mabomba. Anasema yanamkumbusha simu za zamani.”

Mama. Yaani Bibi. Bibi mwenyewe, wa miaka themanini na minne, mwenye gauni!

Hapo ndipo Shangazi alipoona kuwa ameruka majivu akakanyaga moto. Maana Bibi hakuwa anajua lolote. Mwalimu ndiye aliyesema gauni litolewe sandukuni kimyakimya, Bibi alione kwa mara ya kwanza siku ya harusi likiwa mwilini mwa mke wa mjukuu wake, afurahi. Na sasa habari ya kwanza aliyoipata Bibi kuhusu gauni lake ni kwamba limeunguzwa, tena ameambiwa na bomba.

Shangazi akatupa jicho darajani. Kwenye daraja la waenda kwa miguu, katikati ya maduara makubwa ya watu waliokuwa wakicheka na kurukaruka, kulikuwa na duara moja dogo, jeupe, lililosogea polepole kuja upande huu. Hatua, fimbo. Hatua, fimbo. Kila fimbo ilipogonga kigae, cheche ndogo ya mwanga iliruka pembeni.

“Mwalimu,” Shangazi akasema, “tuketi.”

“Tuketi tuna nini?”

“Goti.”

Benchi lililokuwa karibu nao lilikuwa na ufundi wake: huwaka kwa kadiri ya uzito wa aliyeketi. Mwalimu Kengele alipokaa likapata mwanga wa kibatari. Shangazi alipokaa likawaka kama uwanja wa mpira.

“Nilitaka nikuombe,” Mwalimu akaanza, “kesho nipite dukani kwako nilione gauni kabla…”

“Nimeliunguza.”

Lilitoka lenyewe. Shangazi alikuwa amepanga kuanza mbali, aanze na hali ya hewa, apitie ubovu wa umeme, afike kwenye pasi kwa mzunguko. Lakini darajani lile duara dogo lilikuwa limekwisha kufika nusu, na yeye aliona ni heri aibu aitoe kwa mdomo wake kuliko kutolewa na mtu mwingine.

“Umeliunguza nini?”

“Gauni. Kifuani, upande wa moyo. Kuna alama ya pasi, unaweza kuhesabu hadi matundu ya mvuke. Mwalimu, miaka thelathini na moja niko kwenye cherehani. Nimeshona suti za mawakili, nimeshona mapazia ya benki. Sijawahi kuharibu nguo ya mtu. Nikaja kuharibu hii. Ya huyu mtoto. Kaka yangu aliniachia mtoto mmoja tu, na cha kumpa siku ya harusi sina ila mkono wangu, na mkono wenyewe ndio huo.” Akauinua mkono wa kulia, akautazama kama umemtukana. “Nipigie kengele yako, nimeshakaa.”

Ukimya wa Mwalimu ulikuwa maarufu; inasemekana ulishawahi kumfanya mwanafunzi akiri kosa la mwanafunzi mwingine. Spika za ukingoni zikasikika: “Mabibi na mabwana, muda si mrefu Msanii wetu, aliyebuni taa hizi, atapanda jukwaani kuzungumza nanyi…” Watu wakashangilia.

“Pasi uliiweka moto gani?” hatimaye Mwalimu akauliza, kwa sauti ndogo.

“Wa pamba. Si uliniambia ni lesi ya pamba, ya zamani, imefumwa kwa mkono?”

“Nilisema hivyo.”

“Sasa hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pamba ikizidiwa moto inageuka kahawia, halafu inaungua. Hii haikuungua, Mwalimu. Hii iliyeyuka. Ilijikunja, ikang’ang’ania pasi kama plastiki, na moshi wake ukanuka ndoo.”

Mwalimu Kengele akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafunua mkoba, akaufunga.

“Ni nailoni,” akasema.

“Nini?”

“Nailoni, mkwe. Si gauni la Mama. Nimelinunua mitumbani miezi miwili iliyopita.”

Shangazi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu juzi hakukuwa na maneno ya kujilaumu ndani yake.

Mwalimu akayatoa yote kwa mkupuo, kama anasoma matokeo ya mtihani. Alipofungua sanduku la mama yake, gauni halikuwamo. Karatasi tu na kamba. Labda Mwalimu mwenyewe alilitupa mwaka ule walipohama, pamoja na matambara; labda panya. Angemwambiaje Mama? Na ameshamwahidi Mpima mbele ya ukoo mzima! Basi akaenda mitumbani, akapata lesi inayofanana, akaitumbukiza sandukuni wiki nzima na vile vidonge vya kufukuza nondo, ipate harufu ya uzee.

“Ndiyo maana ile zipu!” Shangazi akapiga paja. “Nilifumua ubavu nikakuta zipu ya plastiki, nikajiambia, bibi yule aliolewa zamani hizo, zipu ya plastiki ameipata wapi? Nikajijibu mwenyewe: Sindano, acha dharau, labda waliibadilisha. Na ukosini kulikuwa na uzi umekatwakatwa, kama palikuwa na kibandiko.”

“Palikuwepo. Nilikikata kwa mkasi.”

“Kile cha maelezo ya kufua?”

“Hichohicho.”

“Kina picha ya pasi?”

Mwalimu akakohoa. “Pasi. Imepigwa msalaba.”

Basi wakatazamana. Mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyewachapa watu kwa kosa la kuazima rula bila ruhusa, alikuwa amekata kwa mkono wake onyo lililosema USIPIGE PASI, kisha akampelekea fundi na kumwambia ni pamba.

“Kwa hiyo aliyeliunguza gauni,” Shangazi akasema polepole, akionja kila neno, “ni wewe.”

“Pasi ilikuwa mkononi mwako.”

“Uongo ulikuwa mdomoni mwako!”

“Fundi mzuri hujaribu kwanza pembeni!”

“Mama mkwe mzuri halazi nguo na vidonge vya nondo!”

Walikuwa wamesimama sasa, na duara lao la zambarau likatetemeka pamoja nao. Yule mzee mwenye fimbo alikuwa amewafuata; akaketi kwenye benchi waliloliacha, akakunja nne, tayari kwa sehemu ya pili.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu. Kicheko kilianza kama chafya. Kikamshika Shangazi, kikamkunja mpaka akashika lile goti bovu. Siku mbili hakula vizuri kwa ajili ya urithi wa watu, na urithi wenyewe umetoka kwenye rundo la mitumba! Machozi yakamtoka, akayafuta kwa tepu ya kupimia aliyoisahau shingoni.

“Leo Alhamisi,” akasema alipopata pumzi, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazi. “Kesho asubuhi niletee lesi yoyote ya kweli, hata pazia, mradi uzi wake ni pamba. Kifua chote nitakikata nikipachike upya. Jumamosi saa tatu anavaa.”

“Na Mpima?”

“Mpima asijue. Siku ya harusi mtu abebe furaha, asibebe visa vyetu.”

“Na Mama?”

Hapo kicheko chote kikawaishia. Shangazi akamshika Mwalimu mkono. “Mwalimu, nisamehe jambo moja dogo. Mama yako anajua. Amenisikia kwenye bomba. Ndiye yule.”

Duara dogo jeupe lilikuwa limeshuka darajani. Lilikuja moja kwa moja, halikuyumba, watu wakilipisha njia. Hatua, fimbo. Bibi alikuwa mfupi kama kitoto cha shule, kofia ya sufu kichwani, miwani minene imekaa ncha ya pua. Alisimama mbele yao akihema, na mwanga wake mweupe ukaingia kwenye zambarau yao, yote ikawa waridi.

“Nilimwambia mtu asiondoke kwenye bomba,” Bibi akasema.

“Mama,” Mwalimu akaanza, “kabla hujasema lolote…”

“Shikamoo, Bibi,” Shangazi akadakia, akipiga goti lile lile linalouma. “Ni mimi. Mimi ndiye niliyenong’ona. Lakini si gauni lako, Bibi, nakuapia, nimegundua sasa hivi.”

Bibi akapandisha miwani. Akamchungulia Shangazi usoni kwa muda mrefu. Kisha mabega yakamshuka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta si mgeni aliyemngoja.

“Marahaba. Ah. Kumbe siye,” akasema. “Najua si gauni langu, mwanangu. Gauni langu sandukuni halimo.”

“Unajua?” Mwalimu akapaaza sauti. “Mama! Unajua halimo?”

“Nitaachaje kujua, nami ndiye niliyelitoa? Nilimpa mtu. Mwaka wa nne huu.” Bibi akatafuta benchi kwa fimbo, akaketi kando ya yule mzee, benchi halikuongeza hata mwanga. “Nikasikia mwanamke ananong’ona gauni la bibi yake bwana harusi, kaliunguza. Gauni langu limepita kwenye mikono ya binti mmoja tu. Na leo nimemwona hapa kwa macho yangu. Nikasema, kumbe ni wewe, hatimaye umekuja kuniambia. Nikavuka daraja zima nije nimwambie sina kinyongo. Nguo ni nguo.”

“Binti gani huyo, Mama?”

“Mke wa mjukuu wangu.”

“Mke wa mjukuu wako ni Mpima, na hajaolewa bado.”

“Huyo ni wa Jumamosi,” Bibi akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. “Mimi nasema yule wa kwanza.”

Hata yule mzee aliacha kutikisa mguu.

“Alioa lini?” Mwalimu alishika kifua. “Mwanangu mimi alioa lini, nami sikuambiwa?”

“Hukuambiwa kwa sababu ungepiga kengele. Walikuja kwangu wawili, wakaniomba baraka, nikawapa. Nikampa binti na gauni. Halafu akapata masomo nchi ya mbali, akaenda. Nikaambiwa atarudi.”

“Wakaachana?” Shangazi aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Bibi akafikiri. “Hilo la kuachana mimi sijalisikia.”

Kitu kikaanguka nyuma yao. Mfuniko wa kikombe ukabingirika juu ya vigae hadi miguuni mwa Shangazi, ukizunguka ndani ya mwanga wa waridi, ukalala.

Mpima alikuwa amesimama hapo. Vikombe vitatu vya juisi alivibeba kifuani. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani, lakini duara lake lilikuwa limekwisha kuungana na la kwao.

“Mke wa kwanza wa nani, Bibi?” akauliza.

“Mwanangu,” Shangazi akanyoosha mkono, “njoo kwanza tukae…”

“Nimemwuliza Bibi, Shangazi.”

Bibi aligeuza miwani kutoka kwa Mpima hadi kwa Mwalimu, akarudi kwa Mpima, na uso wake mdogo ukajaa mashaka ya kweli. “Kwani hawakukwambia?” akasema. “Nami nilivyowaona jioni hii mmekumbatiana, wewe na yeye, mnacheka, nikashukuru Mungu. Nikasema watoto wa siku hizi wana roho nzuri.”

Shangazi akakumbuka. Jioni yote ile Mpima alikuwa amemkumbatia mtu mmoja tu. Ni rafiki yake mpya wa miezi mitatu, ambaye Mpima alimpimia ukingo mzima wa mto huu hatua kwa hatua. Mpima alimpenda mpaka wiki iliyopita akamwomba awe msimamizi wake siku ya harusi, naye akalia, akakubali.

Pale mbele, watu wakaanza kupiga makofi. Taa zote za mtoni zikazimika kwa mkupuo, ukabaki mwanga mmoja juu ya jukwaa, na ndani yake mwanamke mrefu mwenye nywele fupi akipokea maiki kutoka kwa Fundi Taa. Vidole vyao vikachelewa kidogo kuachana.

Bibi akainua fimbo, akaonyesha.

“Si yule pale?”

Mpima alimtazama Msanii. Akamtazama mchumba wake. Alikuwa na macho ya kazi yake, yale yanayokadiria umbali bila tepu. Kisha akampa Shangazi Sindano vikombe, kimoja, cha pili, cha tatu, kwa utaratibu, asimwage hata tone.

“Shangazi, nishikie hivi.”

Akaondoka kwa hatua ndefu, za kupima, moja kwa moja kuelekea jukwaani. Na maiki ilikuwa tayari imewashwa.